Msiniambie Aguayo alikosa roho

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya ndugu zetu hapa Texas, mzee mmoja alisikia kwamba nafundisha vijana wa sekondari kupiga mikwaju ya futiboli ya Marekani. Akaniambia lile lile: "Mwanangu, kupiga si kazi, ni roho tu. Kijana wangu hakosi penalti. Mtazame yule Aguayo, mguu alikuwa nao, roho ikamwisha." Sikutaka kubishana na mtu mzima mbele ya watu. Nabishana hapa.

Kisa mnakijua. Roberto Aguayo alikuwa mpigaji wa chuo cha Florida State misimu 3, 2013 hadi 2015. Msimu wa kwanza tu akachukua tuzo ya Lou Groza, ya mpigaji bora wa vyuo, na timu ikabeba ubingwa wa taifa. Mikwaju ya nyongeza baada ya tachidauni (mpira ukifikishwa mwisho wa uwanja): 198, na yote 198 iliingia. Mwaka 2016 Tampa Bay Buccaneers, timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, wakatoa nafasi zao namba 74 na 106 za drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, ili wapande wamchukue namba 59. Mpigaji, raundi ya pili! Msimu huo akafunga mikwaju ya goli 22 kati ya 31. Agosti 2017 wakamwacha, na hakucheza tena mechi ya msimu wa kawaida NFL.

Sasa fungueni hesabu zake za chuo. Mikwaju ya goli alifunga 69 kati ya 78, na wengi huishia hapo. Zigaweni kwa umbali. Chini ya yadi 40: 49 kati ya 49. Yadi 40 na zaidi: 20 kati ya 29. Akisogezwa mbali alikosa karibu mmoja katika kila mitatu, tena chuoni, kabla hajaonja presha yoyote ya NFL. Na ile 198 ilipigwa kutoka kama yadi 20. NFL walishausogeza mkwaju huo hadi yadi 33 mwaka 2015, kabla hajafika. Roho imeingiaje hapa?

Halafu mpira wenyewe, jambo ambalo watazamaji hawaligusi kabisa. Chuoni timu hupiga mpira wake, uliosuguliwa mpaka ngozi ikalegea. NFL, tangu 1999, mikwaju ina mipira yake maalumu, mipira ya K, na enzi za Aguayo timu ilipewa muda mfupi tu siku ya mechi kuisugua. Mpira mpya ni mgumu na unateleza. Mshikaji, mwenzake anayemwekea mpigaji mpira, anaudaka, anausimamisha, anauzungusha nyuzi zitazame mbele, na tangu urushwe mpaka upigwe ni kama sekunde 1.3. Mpiga penalti wa soka huweka mpira wake mwenyewe kwenye nukta, akarudi nyuma, akavuta pumzi. Mwaka 2025 NFL hatimaye waliziruhusu timu kuiandaa mipira ya K mapema. Kama kazi ni roho tu, kuulainisha mpira kuna haja gani?

Lakini msiseme NFL kila kitu ni kigumu zaidi. Alama za hashi, mistari miwili ya katikati ya uwanja ambayo mchezo huanzia ndani yake, za chuo zimeachana futi 40; za NFL futi 18 na inchi 6, sawasawa na upana wa goli. Kwa hiyo chuoni mpigaji huweza kupiga kutoka pembeni zaidi; pembe za chuo ndizo mbaya. Hilo lilipaswa kumsaidia.

Na hapa maelezo yangu yanapwaya. Oktoba 10, 2016, dhidi ya Carolina, alikosa kutoka yadi 46. Naelewa. Akakosa na yadi 33, umbali ambao chuoni hakukosa hata mara moja. Mpira? Mshikaji? Miaka yote hii sijapata jibu linaloniridhisha. Kisha saa ikiisha, 14–14, akafunga kutoka yadi 38 wakashinda. Aliyeishiwa roho hufungaje ule?

Mpigaji mwingine, Adam Vinatieri, alitoka chuo cha South Dakota State, hakuchaguliwa kwenye drafti, akaanzia timu ya Amsterdam, Ulaya, ndipo New England Patriots wakamchukua mwaka 1996. Alistaafu na mikwaju 599 na pointi 2,673, rekodi ya NFL. Naamini ilimsaidia kujifunza kazi mahali ambapo hakuna aliyemlipia raundi ya pili.

Mzee wangu, mlete kijana Jumamosi. Nitamwekea mpira mpya kutoka yadi 45, ushikwe na mtu asiyemjua.