Uthibitisho wa usalama wa maziwa na maana yake kwa mfugaji mdogo

Uthibitisho wa usalama wa maziwa ni kauli rasmi ya chombo ambacho si muuzaji wala mnunuzi, kwamba namna maziwa yanavyokamuliwa, kuhifadhiwa, kusafirishwa na kusindikwa imekaguliwa na kuonekana inafuata kiwango kinachotambulika. Kinachothibitishwa hapa ni utaratibu wa kazi. Sampuli iliyopimwa leo na kukutwa safi haitoi uhakika wowote kuhusu maziwa ya kesho asubuhi, na kwa sababu hiyo mkaguzi makini hufungua daftari la kumbukumbu kabla hajafungua keni.

Nchini Tanzania kazi hii imegawanywa kati ya vyombo viwili. Bodi ya Maziwa, iliyoundwa kwa Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, husajili na kusimamia wadau wa tasnia. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hutoa leseni ya alama ya ubora, na tangu mwaka 2019 limebeba pia jukumu la usalama wa chakula lililokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikiwa ni pamoja na usajili wa majengo ya chakula. Kwa kawaida mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu haombi alama hiyo kwa ajili ya maziwa mabichi anayoyapeleka kituoni. Huiomba pale yeye au kikundi chake kinapoanza kusindika na kufungasha mtindi au maziwa yaliyochemshwa kitaalamu. Hata hivyo masharti ya alama hiyo huanzia bandani kwake, kwa kuwa hakuna mtambo unaoweza kuyarudisha katika usafi maziwa yaliyoharibika kabla ya kufika.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe, EAS 67, katika toleo lake la mwaka 2006, kilihesabu kuwa ni daraja la kwanza maziwa yenye bakteria wasiofika 200,000 katika mililita moja, na mwisho wa daraja la tatu ulikuwa 2,000,000. Tofauti kati ya namba hizo mbili aghalabu huamuliwa na mambo madogo: maji ya kuoshea kiwele, kitambaa kimoja kinachotumika kwa ng'ombe wote, dumu la plastiki lenye shingo nyembamba ambalo mkono hauingii kulisugua, na saa ambazo maziwa hukaa kwenye joto kabla ya kupoozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Yapo pia mambo ambayo usafi hauyaondoi. Dawa ya kutibu ugonjwa wa kiwele hubaki ndani ya maziwa kwa siku kadhaa, na sumukuvu iliyomo kwenye pumba au mashudu yaliyoota ukungu hupita kwa ng'ombe ikaingia kwenye maziwa, wala haiondoki kwa kuchemsha. Kwa hatari hizi mbili kinga ya mfugaji ni chakula kikavu kilichohifadhiwa vizuri, pamoja na daftari linaloonyesha ng'ombe gani alichomwa dawa gani, tarehe gani, na siku ambayo maziwa yake yataruhusiwa kuuzwa tena.

Watu wengi hudhani gharama ya uthibitisho ni ile ada inayolipwa ofisini. Ada ipo, na kwa mjasiriamali mdogo imepunguzwa makali: akiwa na barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la serikali linalohudumia viwanda vidogo, TBS humhudumia kwa gharama ya serikali katika kipindi cha mwanzo. Mpango huo ni mzuri na unastahili kutangazwa vijijini zaidi ya ilivyo sasa. Lakini fedha nyingi hutoka kabla ya mkaguzi kufika: sakafu inayooshika, maji safi ya uhakika, keni za alumini au za chuma kisichoshika kutu, tangi la kupoozea pamoja na umeme wake, vipimo vya afya vya wafanyakazi, na vipimo vya maabara. Mfugaji anayekamua lita kumi na tano kwa siku hawezi kuyabeba haya peke yake, na kumtaka ayabebe ni sawa na kumfungia mlango.

Njia inayowezekana ni kugawana. Mkoani Tanga wafugaji wadogo wamejipanga kwa miaka mingi katika vyama vya msingi vilivyo chini ya TDCU, chama kikuu cha ushirika wa maziwa cha mkoa huo, maziwa yao yakikusanywa kwenye vituo vyenye matangi ya kupoozea na kupelekwa kiwandani Tanga Fresh. Katika mpangilio kama huo tangi moja huhudumia kaya nyingi, na kituo huwa ndipo mahali pa udhibiti. Mpokeaji hunusa maziwa ya kila keni, huyapima kwa laktomita ili kujua kama yametiwa maji, kisha huchanganya kiasi kidogo na alkoholi ya ujazo uleule. Yakishikana vipande, dalili kwamba yameanza kuharibika, keni hiyo haimiminwi kwenye tangi. Kipimo hicho huchukua muda mfupi sana na gharama yake ni ndogo, lakini hulinda maziwa ya wote waliotangulia asubuhi hiyo.

Kikundi kinachotaka kuthibitishwa hulazimika kuongeza kitu ambacho vyama vingi hukikwepa, yaani ukaguzi wa ndani. Wanachama huchagua watu wanaotembelea mabanda ya wenzao kwa ratiba, wakijaza fomu ileile na kurudi kuangalia kama kasoro imerekebishwa. Ni kazi ngumu kati ya majirani, maana inahitaji mtu kumwambia shemeji yake kwamba maziwa yake hayatapokelewa wiki hii. Msaada wa halmashauri, miradi na benki ungefaa zaidi ukielekezwa huku: kumlipa mtaalamu wa mifugo anayefundisha wakaguzi hawa, kukopesha keni kwa makato ya maziwa, na kulipia vipimo vya maabara kwa kikundi kizima.

Hata hivyo yote hayo hayadumu ikiwa lita safi na lita chafu zinalipwa bei moja. Mfugaji aliyenunua keni kwa mkopo anahitaji kuona nyongeza, japo ndogo, kwenye malipo yake ya mwisho wa mwezi, na nyongeza hiyo iandikwe kwenye stakabadhi pembeni ya daraja la maziwa yake.