Gari, boti na mashine ya kuvulia: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mvuvi anayejiandaa kununua vifaa mara nyingi huanza na mashine, yaani injini inayofungwa nyuma ya boti, kisha hutafuta boti ya kuifunga, na mwisho kabisa ndipo hujiuliza ni gari gani litakalovuta mzigo huo hadi ukingoni mwa maji. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Uzito wa watu, nyavu, barafu na samaki ndio unaoamua boti. Boti ndiyo inayoamua mashine. Na uzito wa vyote hivyo pamoja na trela ndio unaoamua gari. Dhana nyingi potofu kuhusu vifaa hivi zimetokana na kukitazama kila kimoja peke yake.

"Mashine kubwa huongeza kasi ya boti yoyote"

Naitanguliza dhana hii kwa sababu hasara yake hailipwi mara moja tu, bali hulipwa kwa mafuta kila siku ya kazi. Boti yenye tumbo la mviringo na shetri (sehemu ya nyuma) nyembamba husafiri kwa kuyapasua maji, na katika kuyapasua hutengeneza wimbi lake yenyewe. Kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, hadi urefu wake unapolingana na urefu wa boti kwenye mstari wa maji, na kutoka hapo boti huwa kana kwamba inapanda mlima ilioujenga yenyewe. Kikomo hicho hukadiriwa kwa hesabu rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa boti kwenye mstari wa maji kwa futi, ukizidishe kwa 1.34, na utapata kasi kwa maili za baharini kwa saa. Boti yenye urefu wa futi 25 kwenye mstari wa maji itafikia takriban maili 6.7, yaani kama kilomita 12 kwa saa. Boti ya namna hiyo ikiondolewa mashine ya nguvu za farasi 15 na kufungwa ya 40, shetri itadidimia, omo (sehemu ya mbele) itainuka, na mafuta yataungua kwa wingi bila faida ya kasi inayolingana nayo.

Boti yenye tumbo bapa, au yenye umbo la V linalopanuka na kuwa bapa kuelekea shetri, ni habari nyingine. Hiyo inaweza kuinuka na kuteleza juu ya maji, na hapo nguvu ya mashine huonekana waziwazi. Hata hivyo, nayo ina mpaka wake, ambao watengenezaji wengi huuandika kwenye kibao kilichobandikwa ndani ya boti, pamoja na uzito wa juu wa watu na mizigo. Anayeupuuza mpaka huo huielemea shetri kwa uzito ambao haikujengewa, na ubao wa shetri ndio unaobeba msukumo wote wa mashine. Huanza kwa nyufa ndogo pembeni mwa boliti, maji yakapenya, na mbao iliyofichwa ndani ya faiba ikaoza bila mtu kuiona.

Urefu wa mguu wa mashine nao husahaulika. Mashine nyingi hutolewa kwa mguu wa inchi 15, 20 au 25, na urefu unaofaa ni ule unaolingana na kimo cha shetri, ili bamba lililo juu ya rafadha (panga linalosukuma maji) liwe usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo. Mguu mfupi huifanya rafadha ivute hewa na kuzunguka bure kila wimbi linapopita, na mguu mrefu kupita kiasi huburuta maji na kugonga miamba.

"Rafadha ni rafadha, mradi inazunguka"

Rafadha hupimwa kwa namba mbili. Ile iliyoandikwa 13 kwa 19 ina kipenyo cha inchi 13, na kwa mzunguko mmoja ingesonga mbele inchi 19 kama maji yasingeteleza. Kijitabu cha mashine hueleza ni mizunguko mingapi kwa dakika inayopaswa kufikiwa mafuta yakifunguliwa yote; kwa mashine nyingi za sasa ni kati ya 5,000 na 6,000. Ikishindwa kufika, rafadha ni nzito mno kwake: mashine hujikaza na kupata joto, na pistoni huumia hata kama sauti yake inaonekana ya kawaida. Ikipita, rafadha ni nyepesi mno. Kupunguza inchi moja katika namba ya pili huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200.

Jambo ambalo wavuvi wanapaswa kulizingatia kuliko watembeaji wa starehe ni kwamba kipimo hicho hufanywa boti ikiwa na mzigo wake wa kazi. Rafadha iliyochaguliwa kwa boti tupu itaonekana bora siku ya majaribio, halafu itaitesa mashine katika kila safari ya kurudi na samaki.

"Oili ikizidi ndiyo usalama"

Kwa mashine za mipigo miwili, zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, dhana hii imekita mizizi kwa sababu nusu yake ni kweli: oili ikipungua, pistoni hukwama ndani ya silinda. Lakini oili ikizidi hubakia bila kuungua vizuri, ikageuka masizi kwenye plagi, kwenye njia ya moshi na ndani ya mifereji ya ringi za pistoni. Ringi iliyoganda kwa masizi haitanuki tena, mgandamizo hupungua, na mwenye mashine, akiona imekosa nguvu, huongeza oili zaidi. Pamoja na hayo, kila tone la oili la ziada huchukua nafasi ya petroli katika mchanganyiko unaoingia kwenye silinda, na mchanganyiko wenye petroli pungufu huungua kwa joto kali. Uwiano wa 50 kwa 1, ambao mashine nyingi huutumia, ni mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Mashine mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za mwanzo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu chake, na baada ya hapo hurejea kwenye uwiano wa kawaida.

Aina ya oili ina uzito uleule. Oili ya pikipiki ya mipigo miwili imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa hewa, yenye joto kubwa zaidi, na baadhi ya viungo vyake huacha majivu ndani ya mashine inayopozwa kwa maji. Alama ya kutafuta kwenye chupa ni TC-W3. Ama petroli yenye oktani ya juu kuliko inayotakiwa na mashine, hiyo haiongezi nguvu yoyote. Ni afadhali fedha hizo zinunue chujio linalotenga maji na mafuta.

"Maji yakitoka kwenye kitundu, mashine inapoa"

Maji yanayoruka kutoka kwenye kitundu cha pembeni yanathibitisha kwamba pampu inasukuma maji, basi. Hayathibitishi kwamba thamostati (vali inayopitisha maji ya kupoza mashine ikipata joto) inafunguka wala kwamba mifereji iliyozunguka silinda haijazibwa na chumvi au tope. Kinyume chake pia hutokea: maji hukoma kwa sababu kitundu chenyewe kimezibwa na punje ya mchanga, ilhali pampu ni nzima. Kwa hiyo maji yakikoma, zima mashine mara moja, kisha penyeza kipande cha mshipi mnene wa nailoni kwenye kitundu hicho kabla ya kuanza kufungua pampu.

Ndani ya pampu mna impela (gurudumu dogo linalosukuma maji) ya mpira inayolainishwa na maji yenyewe. Kuiwasha mashine nchi kavu "kidogo tu, kuisikiliza" kunaweza kuziunguza ncha za mpira huo kwa sekunde chache. Wanaovua katika maziwa na mito nao wasijidanganye kwamba kusafisha ni kwa ajili ya bahari peke yake, kwani tope laini husaga impela na kutuama katika mifereji. Dakika 10 za maji safi, mashine ikinguruma taratibu, zinafaa kila inapotoka kwenye chumvi au tope. Baada ya hapo isimamishwe wima hadi maji yote yachuruzike.

Adui anayewahusu wavuvi hasa ni mshipi. Uzi uliokatika hujizungusha nyuma ya rafadha, ukayeyuka kwa msuguano, ukaikata sili (mpira unaozuia maji), na maji yakaingia kwenye giaboksi. Ing'oe rafadha mara kwa mara uangalie shafti yake. Oili ya gia ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameshaingia, na kubadilisha oili bila kubadilisha sili ni kazi bure. Oili mpya huingizwa kwa kitundu cha chini hadi itokeze kile cha juu, ili hewa yote isukumwe nje.

Vile vipande vya metali laini vilivyofungwa chini ya mashine vimewekwa viliwe na kutu badala ya mashine yenyewe. Visipakwe rangi kamwe, na vibadilishwe vinapobaki nusu. Zinki hufaa majini mwa chumvi, magnesi katika maji matamu, na alumini hufanya kazi katika maji ya chumvi na yaliyochanganyika.

"Gari likiweza kuvuta, linafaa"

Kuvuta ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusimama. Gari la magurudumu manne yenye nguvu hupanda mteremko wenye utelezi vizuri zaidi, lakini nguvu hiyo haifupishi hata hatua moja ya breki barabarani. Tena uzito wa boti unaotajwa wakati wa kuuza kwa kawaida ni wa boti tupu. Ongeza mashine, trela, betri, nyavu, barafu, na mafuta ambayo kila lita 100 ni karibu kilo 75, kisha linganisha jumla na uwezo wa gari. Trela iliyoelemea nyuma huyumba kwa kasi, kwa hiyo sehemu ya uzito, aghalabu kati ya asilimia 5 na 15, lazima iegemee kwenye ndoano ya gari.

Beringi za trela hufa kwa sababu ambayo wengi hawaidhanii. Habu (kitovu cha gurudumu chenye beringi) iliyopata moto kwa safari ndefu ikitumbukizwa ghafla majini, hewa iliyomo ndani hupoa na kujikunja, ikayafyonza maji kupitia kwenye sili. Difu (gia za ekseli) ya gari nayo huweza kufyonza maji kwa njia hiyohiyo kupitia tundu lake la hewa. Gusa habu kwa mkono kabla ya kushusha boti. Kama ni ya moto, subiri.

"Mashine iliyozama iachwe ikauke"

Hili ndilo kosa la haraka kuliko yote. Kutu huanza pale mashine inapokutana na hewa, wala si ilipokuwa majini, hivyo muda uliopo ni wa saa chache. Ioshwe kwa maji matamu, plagi zing'olewe, ilazwe matundu ya plagi yakitazama chini, na flaiwili (gurudumu zito la juu ya mashine) izungushwe kwa mkono hadi maji yaishe. Ikiwa ilizama ikinguruma na flaiwili inakataa kuzunguka, isilazimishwe, kwa kuwa huenda fimbo ya pistoni imepinda. Kabureta na njia za mafuta husafishwa, oili humiminwa kidogo kwenye silinda, na kwa mashine ya mipigo minne oili yote ya injini hubadilishwa kabla ya kuiwasha. Fundi akiwa mbali, mashine ni afadhali irudishwe ndani ya pipa la maji matamu na kukaa humo hadi atakapofika.