"Majaribio ya kitabibu" maana yake nini, na mtoto aliyevunjika kiwiko anaingiaje humo

Neno lenyewe ndo linalotisha. Mwambie mama yoyote wa kwetu "tunataka kumuingiza mwanao kwenye majaribio" uone kama hajamnyanyua mtoto na mkono wake umeningʼinia akaondoka nae. Dada angu anakaa Uingereza, mwanawe alianguka akavunjika kiwiko (wazee huku wanaita kisugudi), usiku akapiga simu Unguja analia, madokta wanataka kumfanyia mtoto majaribio, na mama nae huku keshapandisha, anasema mleteni mjukuu wangu aje aungwe nyumbani. Ilibidi nikae nisome na niulize watu wanaojua, ndo nikaona tulikua tunagombana na neno tu.

Kwanza ujue kilichovunjika. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kinundu cha mfupa, na hapo ndo inapojishika misuli ya kukunja kiganja, nyuma yake kidogo unapita ule mshipa wa fahamu ambao ukijigonga unahisi kama umepigwa na umeme mpaka kidole cha mwisho. Mtoto akianguka kwa mkono, awe katoka juu ya mwembe, baskeli au kwenye mkarafuu msimu wa kuchuma, ile misuli inavuta kwa nguvu na kile kinundu kinabanduka. Sasa hapo madokta kwa miaka mingi wamegawika, kuna wanaopasua wakakirudisha kwa skrubu na kuna wanaofunga plasta tu wakaacha mwili ufanye kazi yake. Wote wanaona watoto wanapona, na kila mmoja anaamini njia yake.

Jaribio la kitabibu kama hili la kiwiko ni kuzichukua njia mbili kama hizo, ambazo zote zinatumika tayari maspitalini, ukazilinganisha kwa haki. Uingereza ulikuwepo utafiti wa kiwiko hichi hichi, unaitwa SCIENCE, wa watoto wa miaka 7 mpaka 15, upasuaji au plasta. Kwaiyo hakuna dawa ya siri mtoto anayotiliwa.

Kilichomuuma zaidi dada angu ni kura. Aliambiwa hachagui yeye wala dokta, inachagua kompyuta. Anasema, yani mkono wa mwanangu unachezewa bahati nasibu? Na mie mwanzo niliona hivo hivo, mpaka nikafikiri, hebu chukulia dokta ndo anachagua. Si atawapeleka kupasuliwa wale waliovunjika vibaya na wenye mvunjiko mdogo awafunge plasta? Mwisho wa mwaka wale wa plasta wataonekana wamepona vizuri zaidi, watu waseme plasta ndo dawa, kumbe tokea mwanzo hao walikua hawajaumia sana. Kura inachanganya watoto ili makundi mawili yafanane, tofauti ibaki kwenye matibabu peke yake. Na kura inapigwa pale tu ambapo madokta wenyewe kweli hawajui ipi bora. Mfupa ukitoboa ngozi, au kipande kikakwama ndani ya kiungo, hapo hakuna kura, anapasuliwa.

Alafu kuna ridhaa. Mzazi anaelezwa kwa lugha anayoifahamu, anasaini akitaka, na mtoto anayefahamu nae anaulizwa. Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo kesho ukajitoa bila kutoa sababu na mtoto akaendelea kutibiwa kama kawaida. Akikwambia mtu vyengine, ondoka. Hapa kwetu pia utafiti wowote wa afya lazima upite kwanza kwenye kamati ya maadili, iko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI), una haki ya kuuliza kama umepita.

Na mtu asidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Pemba ulifanyika utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo, chini ya miaka mitatu, madini ya chuma na foliki asidi, watoto zaidi ya elfu 24. Wakati ule kila mtu aliona chuma ni kheri tupu, mtoto hana damu mpe chuma. Lakini kulikua na jopo la pembeni linaangalia hesabu wakati kazi inaendelea, likaona watoto wanaopewa chuma wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao wasiopewa, kwenye sehemu yenye malaria nyingi, na mwezi wa Agosti 2003 chuma kikasimamishwa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kuhusu chuma kwenye nchi za malaria ukabadilika baada ya hapo. Nikifikiria wale watoto wa Pemba roho inaniuma, na hapo hapo najua bila ya kulinganisha na bila lile jopo tungeendelea kugawa vile vidonge miaka na miaka tukijiona tunasaidia.

Kwenye mifupa majibu huwa mepesi zaidi, alhamdulillah. Utafiti mwengine wa Uingereza, FORCE, ulichukua watoto 965 waliobonyea mfupa karibu na kifundo cha mkono, nusu wakapewa bandeji laini ya kuvaa wakitaka, nusu wakafungwa kitu kigumu. Siku ya tatu maumivu yalikua sawa sawa. Fikiria ni watoto wangapi wamefungwa mikono wiki kadhaa, hawaogi vizuri, wanawashwa na joto, kwa kitu ambacho bandeji ingetosha.

Dada angu alikubali mwishoni, baada ya kumuuliza dokta, kama angekua mwanao ungefanyaje, na dokta akamwambia ningemuingiza kwa sababu sijui ipi bora. Kura ikatoka plasta. Ilipofunguliwa mkono ulikua umekakamaa na hauendi wote, ukalegea pole pole, na kila baada ya muda anatumiwa masuali ajaze, mtoto anabeba begi la skuli, anafungua chupa, mkono unamuuma usiku. Kila akijaza anampigia mama huku Unguja kumsomea majibu.