Ulimi wa mbwa si dawa ya mshono

"Lakini daktari, mbwa si hujitibu kwa ulimi wake?" Nimeulizwa tena wiki hii, na swali limekuja na mbwa jike mwenye mshono uliofumuka. Mwenyewe hakuwa mzembe. Alimlipia upasuaji wa kufunga kizazi, akamtandikia blanketi, kisha siku ya pili akamvua kola, ile koni ya plastiki inayozungushwa shingoni ili asijilambe, kwa sababu alimwona mnyonge.

Ni kweli mate ya mbwa yana uwezo kidogo wa kuua baadhi ya vijidudu. Hapo ndipo imani hii ilipopatia nguvu. Ila kinywa hichohicho ndicho kinachojilamba nyuma na kuokota mifupa jalalani, na bakteria waliomo ni wengi kuliko uwezo huo. Halafu ulimi wenyewe unakwaruza. Mbwa halambi mara mbili akaridhika. Analamba mpaka ngozi inalowa na kuwa nyekundu, inaanza kuwasha, naye anazidi kulamba. Mwisho yanaingia yale meno madogo ya mbele anayotafutia viroboto, na hayo yanamaliza nyuzi zote usiku mmoja wewe ukiwa umelala.

Watu wengi hudhani hasara ni ngozi tu, ishonwe tena yaishe. Sivyo. Tunafungua tumbo katikati, tunatoa ovari na mji wa mimba, kisha tunashona tabaka kwa tabaka: ukuta wa tumbo, mafuta, ngozi. Mbwa akishafungua ngozi na kuingiza uchafu, usaha unashuka hadi kwenye mshono wa ndani, na huo ukiachia, matumbo yanatoka. Wapo mbwa wanaoletwa wakiwa wamefungwa tumboni kwa kanga iliyolowa damu, utumbo ukiwa ndani ya hiyo kanga. Likikupata jambo hilo usijaribu kuurudisha: funika kwa kitambaa safi chenye maji safi, mzuie asijilambe, kimbia kliniki.

Kwa hiyo kola inakaa siku 10 hadi 14, mchana na usiku, mpaka nyuzi zitolewe. "Namvua nikiwa naye karibu" siikubali, maana simu ikilia tu umeshamsahau. Kola ipite ncha ya pua kidogo. Ikiwa fupi, anajikunja na kuufikia mshono. Shingoni vidole viwili vipite. Siku ya kwanza atagonga milango na kusimama katikati ya uwanja kama aliyepotea, na hapo ndipo huruma inapowashinda watu. Vumilieni, wengi huzoea. Bakuli lipandishwe juu ya tofali, au liwe jembamba kuliko mdomo wa kola, ataweza kula na kunywa. Kama kola haipatikani, ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako, kingo zikazungushiwa kitambaa, ikafungwa kwenye mkanda wake wa shingo, inafanya kazi. Fulana ya mtoto inasaidia kwa mbwa mtulivu. Kwa mtafunaji haichukui saa moja.

Linalofuata kwa kunikera: "Anakimbia, ameshapona." Anakimbia kwa sababu dawa ya maumivu imemkaa vizuri. Ngozi hushikana ndani ya siku chache, ukuta wa tumbo huchukua wiki kadhaa kupata nguvu. Mbwa wa ulinzi ndio waathirika wakubwa: mchana wamefungiwa bandani, saa moja usiku wanafunguliwa, na paka wa kwanza akipita ukutani mbwa anaruka kwa nguvu zote. Matokeo yake ni uvimbe wa majimaji chini ya mshono, au mshono wa ndani kuachia. Kwa wiki mbili atoke kwa kamba tu, ajisaidie, arudi. Ulinzi wa nyumba tafuteni namna nyingine.

Dawa za binadamu zisimguse. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa kwa vidonda na kuua figo zake, na nusu kidonge hakimfanyi kuwa salama. Parasetamoli nayo usimpe kwa kukisia. Zipo dawa za maumivu za mbwa, mfano karprofeni na meloksikamu, zinazopimwa kwa uzito wake. Akionekana ana maumivu, piga simu kliniki kabla hujafungua kabati lako.

Spiriti, majivu, mafuta ya nazi, oili chafu: hapana, zote. Mshono msafi unataka ukavu na kuachwa. GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, naikataa kwa sababu ya ziada, inapaka rangi mahali ninapohitaji kuona kama wekundu unaongezeka. Na asiogeshwe mpaka nyuzi zitoke.

Jioni ya upasuaji msimlazimishe kula. Nusu kaputi humwacha na kichefuchefu, chakula kidogo kinatosha, na asipokitaka si tatizo. Kesho yake jioni akiwa bado amekataa, hilo ni tatizo. Kutetemeka kidogo ni baridi ya kutoka kwenye nusu kaputi: mfunike, msimlaze karibu na jiko la mkaa. Kikohozi kidogo cha siku moja mbili mara nyingi hutokana na mpira wa kupitishia hewa aliowekewa kooni wakati wa upasuaji.

Na kama alifungwa kizazi akiwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, madume wataendelea kumfuata kwa siku kadhaa kwa sababu harufu haijaisha. Mimba hapati, lakini kupandwa wakati huo kunaweza kumchana ndani. Geti lifungwe.

Kila asubuhi na jioni tazama mshono, kisha inua mdomo wake uangalie fizi. Ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole, paache peupe, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi zikiwa nyeupe, mbwa amelegea na tumbo linajaa, anavuja damu ndani. Mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku.