Simu haikuunguzi macho

"Dokta, naomba ile miwani ya kuzuia mwanga wa simu." Nikiuliza ya nini, jibu ni lilelile: mwanga wa bluu unaunguza macho. Wengine wanaingia wameshaivaa, wameinunua Kariakoo, na macho bado mekundu.

Jamani, mwanga wa bluu wa kwenye kioo cha simu ni kidogo mno ukiulinganisha na wa jua linalokupiga ukisubiri gari Mbagala saa saba mchana. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, walipitia majaribio 17 ya lenzi za miwani hiyo. Kwa uchovu wa macho wa wanaoshinda kwenye kompyuta, hawakuona zinazidi lenzi za kawaida. Unalipia rangi.

Kinachokutesa ni kutopepesa. Mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea simu, zinashuka hadi nusu au chini ya hapo, na kope zenyewe hazifungi sawasawa. Jicho linakauka, linachoma, kisha linatiririsha machozi kujiokoa, nawe unasema simu inakuliza. Mtazame abiria anayeangalia video kwenye foleni ya Ubungo: kidevu kifuani, simu karibu na pua, upepo wa dirishani unampiga usoni, kope zimesimama. Ofisini Posta kazi ya upepo huo inafanywa na kiyoyozi. Kila video ikiisha, fumba macho taratibu hadi kope zigusane, kisha tazama mbali kidogo. Haina gharama.

Na matone ya deksamethasone unayojinunulia duka la dawa, acha! Ukiyazoea, hayo ndiyo yatakayokuletea presha ya macho na mtoto wa jicho. Simu haileti mtoto wa jicho.

Kansa ya ubongo? IARC, shirika la WHO la utafiti wa kansa, waliyaweka mawimbi ya redio, yanayotumiwa na simu, kundi la 2B mwaka 2011, yaani "huenda" yanaleta kansa. Mapitio yaliyoagizwa na WHO, yaliyotoka 2024, hayakuona uhusiano na simu. Na wewe wa miaka 45 unayenyoosha mkono ili usome meseji, huo ni umri. Chukua miwani ya kusomea.

Ninaowahofia ni watoto. Kutazama karibu kwa saa nyingi na kushinda ndani kunahusishwa na kutoona mbali, na kuwa nje mchana kunasaidia kuzuia hali hiyo. Halafu mama ananiletea mtoto aliyevalishwa miwani ya bluu, anayefungiwa ndani na tableti tangu atoke shule. Mama, mpeleke apimwe macho, na jua likipungua makali mtoe akacheze mpira.