Boti ya rimoti ikiruka kama pomboo, usiikimbilie mota

Mpwa wangu alinunua boti ya rimoti ya mtumba mtandaoni: ya faiba, urefu sentimita 68, tumbo la umbo la V, betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli nne. Muuzaji alimwambia inakimbia balaa. Kukimbia ilikimbia, ila ikishika mwendo tu omo, yaani mbele ya boti, inapanda, inaanguka, inapanda tena, mwishowe inalala ubavu na kupinduka. Akaniletea akiwa na dawa yake mfukoni: "Shikamoo mjomba. Nadhani hii inataka mota kubwa zaidi, na propela ya milimita 45."

Kazi yangu ni injini za boti, zile za kweli zinazofungwa nyuma ya mitumbwi ya wavuvi hapa Mwanza. Hizi ndogo ni ugonjwa wangu wa Jumapili. Kwa kubwa na kwa ndogo, mteja ambaye chombo chake hakitulii huja na neno moja mdomoni: nguvu. Mpwa wangu nilimjibu ninavyowajibu wote. Ukiongeza nguvu kwenye boti isiyotulia, itapindukia mbali zaidi na wewe.

Isitoshe mota yake haikuwa na kasoro. Ni mota isiyo na kaboni ya Kv 1800, maana yake mizunguko 1,800 kwa dakika kwa kila volti. Seli nne ni volti 14.8, kwa hiyo ikiwa haina mzigo inakaribia mizunguko 26,600. Kwa propela ya milimita 42 hiyo inatosha na kubaki.

Nilianza na uzito. Mimi nilikulia Pangani, na mzee wangu alikuwa na mashua. Kabla hajagusa tanga, alikuwa anaangalia farumi, uzito wa kukituliza chombo, imekaaje chini ngamani. Mfuko mmoja wa mchanga ukisogea hatua moja kuelekea tezi, yaani nyuma, chombo kilekile kinakuwa kingine. Kwenye boti ya rimoti farumi yako ni betri, na bahati nzuri inasogezeka.

Kupima ni rahisi. Weka kila kitu ndani, betri ikiwemo, funga kifuniko, kisha ikalishe boti juu ya bomba jembamba lililolala mezani, uisogeze mpaka isiangukie mbele wala nyuma. Pima kutoka ukuta wa tezi hadi hapo bomba lilipo. Usianzie kwenye usukani wala vyuma vinavyotokeza nyuma. Kwa boti za tumbo la V mimi huanzia asilimia 30 ya urefu kutoka tezini. Hapa ni kama milimita 204. Yake ilisoma 178. Yaani tezi ilikuwa nzito, na omo haina kitu cha kuishikilia chini.

Sasa hapa watu wengi hukosea: wanasogeza betri sentimita moja, hawaoni tofauti, wanasema uzito sio tatizo. Piga hesabu. Boti nzima ina gramu 2,100, betri gramu 500. Ili kusogeza kitovu cha uzito, pale boti inapotulia juu ya bomba, kama milimita 25, betri lazima isogee 25 mara 2,100 gawanya kwa 500, yaani milimita 105. Sentimita kumi na nusu! Ilibidi tubandue ukanda wa velkro uliokuwa umegundishwa sakafuni na kuuanzisha upya mbele, na nyaya zikarefushwa kidogo. Zikirefushwa, urefushe upande wa mota, kati yake na spidi kontrola, kile kifaa kinachoongoza kasi ya mota. Nyaya ndefu upande wa betri huumiza kapasita za kontrola.

Baada ya hapo nikaipindua boti na kupitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma, pale tumbo linapokutana na ukuta wa tezi. Ulikuwa mviringo, laini kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Nikacheka. Mpwa wangu akauliza nacheka nini, nikamwambia nimempata mwizi.

Maji yana tabia ya kung'ang'ania uso uliopinda. Yakifika kwenye kona kali yanakatika na kuachia. Yakifika kwenye kona ya mviringo yanaufuata mpindo, yanapanda ukuta wa tezi na kuivuta tezi chini. Tezi ikivutwa chini omo inapanda. Yakiachia, omo inaanguka. Hiyo ndiyo miruko ya pomboo aliyokuwa anaiona, na mota kubwa ingeizidisha tu. Boti nyingi za viwandani hutoka na kingo za hivyo kwa sababu ni rahisi kuchomoka kwenye kalibu.

Dawa yake haina gharama, inataka subira. Nilibandika utepe mpana wa kufungia maboksi kwenye ukuta wa tezi, ukatokeza milimita tano juu ya ukingo, ukawa kama mbao za kumwagia zege. Gundi ya epoksi haishiki kwenye utepe ule. Nikajaza kona kwa epoksi iliyokazwa na unga wa faiba, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nikabandua utepe, nikachukua msasa namba 240 niliougundisha kwenye kipande cha kioo cha dirisha, nikasugua tumbo kwa maji, polepole, kuelekea nyuma tu. Kioo hakipindi, ndiyo maana. Ukisugulia kwa vidole unairudisha sabuni yako palepale. Kingo ndefu za mbavuni nazo nilizifanya kali hivyohivyo, theluthi ya nyuma tu, kwa sababu huko mbele boti ikishika mwendo haigusi maji.

Ukiwa umeipindua bado, laza rula ya chuma kwenye tumbo, sentimita 15 za mwisho kuelekea tezi, na utazame mwanga unapita wapi. Tumbo likibonyea katikati na kuchongoka chini ukingoni, omo inasukumwa chini na boti inakuwa nzito. Likifura katikati na kuinuka nyuma, omo inatafuta mbingu. La kwake lilikuwa limenyooka, tukashukuru.

Kilichobaki nyuma ni mkono wa shafti, kile chuma kinachoshikilia shafti ya propela nyuma ya tezi, na vibao viwili vya chuma vya kurekebisha mkao wa boti, kimoja kila upande. Mkono aliukuta umeinuliwa, ncha ya nyuma ikitazama juu. Nadhani mwenye boti wa kwanza alitaka omo ipae ili tumbo liguse maji kidogo, apate kasi. Ni ujanja halali kwa boti iliyokwisha kutulia. Kanuni ni moja na injini ninazofunga kila siku: ncha ya propela ikitazama juu omo inapanda, ikitazama chini tezi inainuliwa na omo inashuka. Niliurudisha sambamba kabisa na mkuku, ule uti wa chini ya boti, propela nusu ndani ya maji nusu nje, kama propela hizi zilivyoundwa kufanya kazi. Vibao navyo nikavilaza sawasawa na tumbo, bila kupinda.

Na ukishafungua huko, angalia shafti ya waya uliosokotwa, inayozungusha propela. Ikipata mzigo inajisokota na kufupika, kwa hiyo kati ya mkono na kile kipande kinachoshika propela acha nafasi kama unene wa waya wenyewe. Bila nafasi hiyo inabana, inachemka, na utailaumu mota.

Jumapili tulishuka ziwani mapema, kabla upepo wa kutoka ziwani haujaanza. Mchana hapa huwezi kupima kitu. Maji yakiwa kama kioo kabisa nayo si mazuri, yanalinata tumbo. Viwimbi vidogo ndivyo vizuri. Tukachagua sehemu isiyo na magugu maji. Ndani ya omo nilishajaza vipande vya ndala kuukuu, kama wavuvi wanavyovifunga kwenye nyavu, ili ikijaa maji isizame. Na ya kuivutia ni mshipi wa kuvulia uliofungwa mpira wa tenisi, unaurusha ng'ambo ya boti na kuikokota. Usiingie majini kuifuata. Kichocho cha Ziwa Victoria hakijali kama ulikuwa unacheza.

Sheria yangu ni kugusa kitu kimoja kwa kila mzunguko, na kukiandika. Mzunguko wa kwanza miruko ilikuwa imekwisha kwa nusu mwendo. Alipobana kifyatulio chote, ikaanza kuyumba ubavu kwa ubavu, kushoto, kulia, kama mtu anayetembea na ndoo mbili. Nikavishusha vibao vyote viwili kidogo sana, unene wa kadi ya simu hivi. Ikatulia. Lakini sasa ilikuwa imelalia kushoto. Hiyo ni propela: yenyewe inazunguka upande mmoja, mwili wa boti unataka kuzungukia upande wa pili. Kibao cha kushoto nikakishusha tena nywele moja, kikainua upande wake, boti ikasimama wima. Simu iliyofungwa ndani na programu ya GPS ilisoma kilomita 58 kwa saa. Mpwa wangu alikuwa ameridhika. Mimi bado.

Kwenye mstari ulionyooka ilikuwa inatangatanga. Nikashika usukani kwa vidole viwili, nikautikisa: ncha ilicheza milimita mbili kila upande. Tundu la mkono wa sevo, mota ndogo inayougeuza usukani, lilikuwa limepanuka. Tuliweka waya mpya wa usukani wenye kiungo cha gololi, kwa bei ya chai na chapati mbili, na kutangatanga kukaisha. Watu hununua sevo mpya ya gharama kwa tatizo hili.

Propela ya 45 sikumwachia. Niliinoa ile ya 42 na kuipima mizani kwenye pini, kwa sababu ilivyotoka dukani bawa moja lilikuwa zito kuliko jingine na mtikisiko ule unakula beringi za mkono. Kama yako ni ya shaba yenye beriliamu, isugue ndani ya maji na uvae barakoa. Vumbi lake lina sumu kwa mapafu, na sisemi hilo kwa kutisha.

Kona bado inaikata vizuri kulia tu. Kushoto tezi inateleza akikamua sana, na pezi la kuzuia hilo lipo upande mmoja. Amezoea kuzungukia kulia.