Ngazi ya boti ya mfereji: kwa nini siigongomei sakafuni

Mwezi uliopita mteja mmoja aliniita nimtengenezee ngazi ya kuingilia ndani, upande wa tezi, yaani nyuma, kwenye boti yake iliyofungwa karibu na Braunston, Uingereza, pale mfereji wa Oxford unapokutana na mfereji wa Grand Union. Alikuwa ameshanunua mbao za mwaloni, na alitaka niikaze ngazi kwa skrubu isitikisike tena. Kabla ya kupima chochote nilimwomba tuitoe ile ya zamani, kisha tuinue kifuniko kidogo cha sakafu kilichokuwa chini yake. Nikamulika tochi. Mlikuwa na maji, kina cha kidole kimoja, na matofali yaliyopangwa humo kuipa boti uzito yalikuwa yameloa nusu.

Nieleze kwa wasioziona boti hizi. Ni boti za chuma, ndefu na nyembamba, upana wake kama mita 2.08 tu. Wembamba huo unatokana na loki, yaani vyumba vyenye malango ambamo boti hupandishwa au kushushwa kwa maji pale ardhi inapobadilika kimo. Loki nyingi za katikati ya Uingereza zilijengwa karne ya 18 zikiwa na upana wa kama futi 7, na boti zikafuata. Zamani zilibeba makaa na vyungu. Siku hizi watu wanaishi humo, wana jiko, kitanda, bafu na maji ya moto. Sakafu unayokanyaga ni plaiwudi iliyolala juu ya mataruma. Chini yake ndiyo ngama.

Msomaji wa pwani neno hilo analijua: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Boti hizi huwekwa uzito ili tezi ikae chini kidogo kuliko omo, yaani mbele. Kwa hiyo bomba likivuja jikoni, au mvuke wa usiku ukigeuka matone kwenye chuma baridi, maji yanatambaa chini ya sakafu hadi mwisho wa chumba, upande wa tezi. Na mwisho huo wa chumba ndipo ngazi inapokaa. Pampu ya kutoa maji, ile inayojiwasha yenyewe, kwenye boti nyingi iko chumba cha injini, ng'ambo ya ukuta wa chuma. Haiyafikii maji yaliyo chini ya sakafu unayoishi. Njia pekee ya kujua kama yapo ni kile kifuniko, na kifuniko kiko chini ya ngazi.

Mimi somo hili nililipata kwa kukosea. Ngazi yangu ya kwanza huku niliifunga kwa skrubu 14 na gundi, kama nilivyofundishwa Mombasa kufunga ngazi ya dari, na niliiona imara. Nyuma yake kulikuwa na pampu ya maji safi. Majira ya baridi kiungo cha bomba kikapasuka kwa barafu, na mwenye boti, mama wa makamo anayeishi peke yake, akapiga magoti usiku na bisibisi akihangaika na skrubu zangu huku akisikia maji yanamwagika upande wa pili. Nilikwenda asubuhi kukata ngazi ile kwa msumeno. Tangu siku ile nina kipimo kimoja: mwenye boti, peke yake, gizani, bila kifaa chochote, aweze kuitoa ngazi kabla hajahesabu hadi 20.

Sasa kazi yenyewe. Kosa ambalo mafundi wa nyumba hulifanya wakija kwenye boti ni kutumia pimamaji. Boti haikai sawa. Tangi la maji safi mara nyingi liko omo. Likijaa omo inashuka, likiisha inainuka. Mtu akihamia upande mmoja, sakafu inalala upande huo. Ukisawazisha vidato kwa pimamaji leo, kesho kutwa vimepinda. Mimi natumia skwea na futi kamba, napima kutoka sakafuni na kutoka ukuta wa mwisho, basi. Ngazi ikienda sambamba na sakafu, mguu hauhisi kitu hata boti ikiinama.

Kimo nakipima kutoka sakafu hadi kizingiti cha mlango. Boti ya Braunston ilikuwa na sentimita 84. Nikagawa kwa 4, nikapata hatua za sentimita 21, yaani vidato 3 na ya nne ni kizingiti chenyewe. Hatua zote lazima zilingane, kwa sababu mguu unashika hesabu kutoka hatua ya kwanza, na ile inayotofautiana ndiyo inayoangusha. Upana wa kukanyagia ningependa uwe sentimita 25, lakini kila sentimita unayoongeza inamsogeza anayeshuka ndani zaidi, mpaka kichwa chake kinatoka chini ya uwazi wa paa na kukutana na ukingo wa chuma. Kwa hiyo kabla ya kukata mbao natengeneza ngazi ya maboksi na ubao chakavu, namwita mtu mrefu kuliko wote anayelala humo, namwambia ashuke mara tatu. Hapa tuliishia sentimita 20.

Ngazi naigawa masanduku mawili: la chini la kidato kimoja, la juu la viwili. Plaiwudi ya milimita 18 ina uzito wa kama kilo 10 hadi 12 kwa mita ya mraba, na sanduku moja kubwa lingemshinda yule mama. Kukanyagia naweka milimita 18, pembeni 12 zinatosha zikiwa na vipande vya kona ndani. Mwaloni wa mteja tuliutumia kwa kingo tu.

Kinachozuia sanduku lisiteleze ni miti miwili ya kimo cha sentimita 3 niliyoifunga sakafuni, pembeni mwa kifuniko, na sanduku linavaa juu yake kama kofia. Uzito wa mtu unalikandamiza. Juu naweka komeo moja ukutani, la kuvuta kwa kidole. Pembeni naacha nafasi ya milimita 4, maana mbao huvimba kwa unyevu, na sanduku lililobana ni sawa na lililogongomewa. Waya na mabomba hayagusi sanduku kabisa. Matundu ya hewa ni lazima, kwa ajili ya ukungu, na zaidi sana kama betri za asidi ziko humo, kwani zikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Kwa ajili ya mikono nakata mashimo marefu ya kushikia, kingo nazipiga msasa mpaka ziwe laini. Chini ya sanduku napaka rangi tabaka tatu, kuliko hata juu, maana huko ndiko unyevu unakoanzia.

Watu wa mizigo wa zamani walilijua hili bila kufundishwa. Kwenye kile chumba chao kidogo cha tezi, kirefu kama mita 3, ambamo familia nzima ililala, kidato cha kushukia kilikuwa ni sanduku la makaa lenyewe. Unalivuta, unachota makaa, unalirudisha, unalikanyaga.

Maji ya Braunston yalitoka kwenye kiungo chini ya sinki. Tuliyakausha kwa sponji na ndoo, tukatandika karatasi ya jikoni chini ya kifuniko, kisha nikampa mteja masanduku yake ayapange mwenyewe. Jumapili alinitumia picha: ngazi imeegemezwa ukutani, kifuniko kiko wazi, karatasi ni kavu.